Mashini Iliyokula Bweyeye

Jumatatu, 12 Machi 2001

Umeme umekatika mara mbili kabla ya chai. Mashini ya Vestine, ile kompyuta anayoingizia takwimu, imesahau tena siku na saa. Batri yake ndogo ya ndani imekufa, na Kigali wanasema mpya iko njiani tangu Krismasi. Kila ikizimika inaamka ikidhani tuko miaka ishirini nyuma. Nikiwa mezani kwangu nimemtajia: tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu, saa tatu na robo. Ameandika. Kazi imeendelea.

Karatasi za kituo cha Bweyeye zimefika hatimaye. Pikapu ilikwama kwenye matope kando ya msitu. Zimeloa pembeni ila zinasomeka: jina la mtoto, umri, kilo, unene wa mkono. Watoto wa hatari, waliokonda mno, ni thelathini na wawili. Karatasi za wengine tisa zilitangulia wiki jana kwa pikipiki, nao wamo tayari. Jumla arobaini na mmoja. Nimehesabu mwenyewe kabla ya kumpa Vestine aziingize.

Kanuni ya mradi wetu wa lishe ni moja. Kituo chenye watoto wa hatari chini ya ishirini kinafungwa, unga wake unapelekwa kwingine. Ripoti inaondoka Ijumaa.

Maman Béata, mpishi wa uji wa Bweyeye, amekuja na pikapu hiyohiyo. Amesimama mlangoni na matope mpaka magotini. "Papa Deo, batoto bangu bamekwisha kuingia mu mashini?" Nimemwambia wanaingia leo. "Kuingia si kazi. Hata pale mpakani Rusizi I bantu wanaingia kila siku. Uliza nani analala." Vestine amecheka mpaka akaacha kuandika.

Jumanne, 13 Machi

Watoto thelathini na wawili hawapo. Bweyeye imebaki na tisa.

Vestine anaapa aliwaingiza wote na kuhifadhi. Simwamini. Utaratibu ni mwepesi na niliupanga mimi. Yeye anaandika kwenye mashini yake mchana kutwa. Mimi kwenye mashini kubwa, kila saa tano asubuhi, nafungua faili langu kwa programu ya takwimu, nasahihisha upuuzi (jana mtoto wa miaka miwili alikuwa na kilo sabini), nahifadhi. Jioni, kabla ya kufunga mlango, programu ya kugawana mafaili inalinganisha mashini mbili. Faili lililohifadhiwa karibuni zaidi linashinda, la zamani linafutwa. Yeye anamaliza saa tisa, saa kumi, mimi nimehifadhi tangu saa tano. Lake ndilo jipya siku zote. Lake linashinda. Haliwezi kupotea. Labda halikuandikwa.

Nimemrudishia karatasi zote. Ameziingiza upya bila kunisemesha.

Jumatano, 14 Machi

Tisa tena.

Nimekasirika. Nimesema mbele ya Shefu, mkuu wetu wa ofisi, kwamba asiyejua kuhifadhi akauze vitenge sokoni Kamembe. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Vestine hakulia. Alimgeukia Shefu, si mimi. "Siku Papa Deo alienda Bugarama, kazi yangu ilibaki. Siku alienda Bweyeye, ilibaki. Inapotea siku yeye iko hapa. Muulize."

Shefu aliniangalia kama askari wa mpakani anavyoangalia jeto la kuvukia lenye picha ya mtu mwingine.

Nimepitia siku moja baada ya nyingine. Ni kweli. Nikiwa safarini, kazi inalala salama. Nikiwa ofisini, inakufa. Kama ningekuwa Shefu, ningejifukuza.

Lakini mimi najua sijagusa. Na najua wanachofikiri. Fundi wa Bukavu. Hana diploma, alijifunza kwenye duka la kupiga taipu, alivuka na begi moja wakati wa vita, nani anajua anafanyia kazi nani. Programu hizi ni za bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuzifungua tumbo na kuzishona upya. Huku mwenye kuthubutu ni mimi peke yangu. Zikiwa nzima, hakuna anayenikumbuka. Zikiharibika, ni mkono wangu.

Mchana. Nimepata kitu. Kwenye karatasi za Bweyeye kuna wasichana wawili wa Kishi, kabila la ng'ambo ambalo mtu wake huitwa Mushi, majina yao yanaanza na M na alama ile ndogo ya juu, hivi: M'. Programu ya takwimu ikikutana na alama hiyo inadhani mtu ameanza kunukuu maneno, basi inameza kila kitu mpaka ikutane na alama nyingine. Kati ya msichana wa kwanza na wa pili, watoto wote wanaliwa. Nimejaribu kwa majina ya uongo: wanaliwa kweli.

Aliyeitengeneza hakuwahi kumjua Mushi hata mmoja.

Alhamisi, 15 Machi

Nimeshona tumbo la programu. Marekebisho nimeyaandika kwenye mashini yangu, lakini ya Vestine ina kasi, kwa hiyo nimeijengea kwake, nikaiagiza ikimaliza iirudishe kwangu. Kuijenga kumechukua asubuhi nzima; saa tano niliacha kidogo, nikasahihisha na kuhifadhi faili langu kama kawaida. Umeme ulikatika katikati, nikamtajia saa upya, tukaanza mwanzo. Kijenzi, programu inayojenga programu nyingine, kilikuwa kinalalamika kila hatua: mafaili uliyoniletea yameandikwa wakati ambao haujafika. Mafaili ya kesho. Nilicheka. Mwanadamu anakaa Kamembe bila maji tangu Jumapili, mashini inamletea unabii.

Imejengeka. Majina ya Kishi yanapita bila kula mtu.

Vestine ameingiza karatasi mara ya tatu. Nimesimama nyuma ya kiti chake mpaka mwisho. Arobaini na mmoja, kwa macho yangu. Kioo cha mashini yake kilionyesha tisa kamili, muda wa kutosha. Amehifadhi nikiona.

Sikumwomba radhi. Nilimnunulia Fanta, akainywa akiangalia dirishani.

Ijumaa, 16 Machi

Shefu alikuja mapema, akanakili faili kwenye disketi mwenyewe kutoka mashini kubwa, akampa dereva. Pikapu ilikuwa imeshaondoka nilipofika. Nilifungua faili kwa furaha, nikitaka tu kuliona.

Bweyeye: tisa.

Nimeziweka karatasi mezani kwa Shefu. Hizi hapa, arobaini na moja, hesabu kwa kidole. Hakuzigusa. "Papa Deo, hizi karatasi zimekuwa mikononi mwako wiki nzima. Na mashini ni yako. Mi niwaambie Kigali waamini nini?"

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nimejaribu kupiga simu Kigali kutoka posta. Laini ilikuwa ya mvua tupu. Mtu wa upande wa pili alisikia neno Bweyeye, akaniuliza ni wilaya ya nani.

Jumapili, 18 Machi

Misa. Sikuimba.

Kutoka kanisani mji wa Bukavu unaonekana wote, mabati yanang'aa, nyumba ya baba iko kule nyuma ya kilima cha tatu. Kuna watu wengine ndani. Ng'ambo ile niliitwa Mnyarwanda. Huku naitwa Mkongomani. Kwa mashini angalau nilikuwa fundi.

Jumatatu, 19 Machi

Nimeona.

Nilitaka kuivua programu nguo niliyoishonea, niirudishe ilivyokuwa, nianze kutafuta upya. Nikahamishia faili kwa Vestine. Kijenzi kikaanza wimbo wake uleule, mafaili ya kesho. Leo sikucheka. Nilikiuliza: ya kesho kiasi gani?

Niliandika saa za mashini zote mbili kwenye kipande cha gazeti. Saa ya mashini yangu, saa ya mashini ya Vestine, kwa wakati mmoja. Nikatoa.

Sita.

Huku kwetu nani anahitaji kuelezwa sita? Jua likishachomoza ndipo tunaanza kuhesabu. Wazungu wanaanza usiku wa manane, na mashini inahesabu kizungu. Yangu iliwekwa saa na fundi wa Kigali, na batri yake ni nzima. Ya Vestine inawekwa kila umeme ukikatika. Anauliza saa, mimi namjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote njiani: saa tatu na robo. Anaandika tatu na robo. Kwa mashini hiyo ni usiku, jogoo hajawika.

Kwa hiyo kila kazi yake ilibeba saa iliyochelewa. Alihifadhi saa tisa alasiri, mashini yake ikaandika tisa, yaani asubuhi. Mimi nilihifadhi saa tano, mashini yangu ikaandika kumi na moja. Jioni programu ilipima, ikaona langu ndilo jipya, ikafuta la Vestine. Siku nilizosafiri sikuhifadhi kitu, basi lake likashinda. Programu haikukosea hata mara moja. Iliyameza majina ya Kishi, ndiyo, hilo lilikuwa kosa lake. Bweyeye haikuliwa hapo.

Na kioo. Nimepita nyuma ya kiti kile kila siku tangu batri ife. Nikiangalia kinasema tatu, na ni saa tatu. Kinasema tisa, na ni saa tisa. Ndiyo saa pekee ofisini iliyosema kama sisi. Ningeshuku nini?

Nimemwonyesha Vestine. Alielewa kabla sijamaliza. Alianza kucheka, kisha akafunika mdomo kwa mkono.

"Sasa nani alikosa?"

Nimekikunja kile kipande cha gazeti.

"Miye niliandika yenye ulisema, Papa Deo. Yenye ulisema tu."

Ni kweli. Nimemwomba radhi. Amesema nimuombe mbele ya Shefu, kwa kuwa matusi pia yalikuwa mbele ya Shefu. Ana haki.

Jumanne, 20 Machi

Nimemwambia Shefu yote, Vestine amesimama pale. Nimeomba radhi kwa sauti. Nimeeleza sita.

Nilikuwa nimejiandaa kudharauliwa. Hakunidharau. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaangalia kioo cha Vestine, akakaa chini. Akasema mama yake kila Jumapili akimpigia simu humwambia atapiga tena saa mbili, na yeye lazima ajue ni mbili ya jua. Kisha akazichukua zile karatasi, akazihesabu moja moja, akilowesha kidole. Arobaini na moja. Ameandika barua kwa mkono wake na amekwenda posta mwenyewe.

Nilimtaka awe mtu mbaya. Ingenisaidia.

Ijumaa, 23 Machi

Jibu limekuja na pikapu. Wanashukuru kwa masahihisho. Unga wa Bweyeye umeshapangiwa kituo kingine na lori limepakiwa. Bweyeye itapimwa upya baada ya mvua. Vyombo vya kituo virudishwe Kamembe.

Baada ya mvua. Waliosoma karatasi zile wanajua mikono ile haingoji mvua iishe.

Nimeuliza kama tunaweza kupeleka chochote sisi wenyewe. Shefu alitoa noti, Vestine akatoa, nikatoa. Umepatikana unga wa soya na mtama wa siku chache. Dereva amekubali kuubeba bila kuandikwa. Ni kidogo. Nimekipiga hesabu, kikigawanywa kwa arobaini na mmoja, sitaki kuandika kinachopatikana.

Jumatatu, 26 Machi

Batri imefika. Ndogo kama kifungo cha shati. Nimeiweka.

Umeme ulikatika mchana. Mashini iliamka ikijua saa yake. Vestine bado aliniuliza, kwa mazoea. Nilimtajia mara mbili, ya jua na ya mashini. Sasa tunafanya hivyo hata njiani, watu wanadhani tunatania.

Alhamisi, 29 Machi

Maman Béata amerudisha sufuria. Ile kubwa ya uji. Ametembea nayo kichwani hadi Bugarama, kutoka hapo amepata lori la mchele. Ameisugua kwa mchanga mpaka inang'aa ndani. Nje masizi yamebaki, hayo hayatoki.

Nilimweleza jinsi ilivyotokea. Saa, sita, faili. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema unga wetu uliisha juzi. Baadhi ya mama wameanza kushuka na watoto kuelekea hospitali kwa miguu. Wengine wako mbali mno. Alinitajia wawili ambao hawatapimwa baada ya mvua. Mmoja wao ni yule msichana wa Kishi, wa kwanza kwenye karatasi. Nilikuwa nimemsaidia apite kwenye programu.

Nikafungua faili la vyombo, kwa kuwa kazi ni kazi. Sufuria kubwa, moja, kutoka Bweyeye, imepokelewa. Alisimama nyuma yangu akiangalia kioo.

"Imeingia?"

"Imeingia, Maman."

"Itabaki?"

Nilisema ndiyo. Alichukua kitambaa alichokuwa ameweka kichwani chini ya sufuria, akakikung'uta, akakifunga kiunoni. Akaondoka kabla ya mvua.

Ijumaa, 30 Machi

Nimefika wa kwanza. Nimewasha mashini. Saa ziko sawa zote mbili.

Nimefungua faili. Sufuria ipo.