Skrini Tatu za Dada Ardis

Jumanne, 9 Januari

Kikao cha wazee wa kanisa kimeisha. LaVonne, mwenyekiti wetu, kasema hakuna haraka, wanafikiria tu. Huku kwetu mtu akisema anafikiria tu, ujue kashaamua. Wanataka mashine inayopiga tenzi yenyewe, unabonyeza, basi. Dada yangu Ardis apumzike, eti. Apumzike! Kapiga kinanda cha kanisa hili tangu mimi navaa kaptula. Tatizo ni macho — noti za kitabuni hazioni tena. Nikasimama nikawaambia nitamwekea noti kwenye skrini, kubwa kama visahani. Mmoja kacheka, kasema mimi Verlyn hata rimoti ya televisheni hunishinda. Wamenipa mpaka Jumapili.

Sawa. Tutaona.

Jumatano, 10 Januari

Nimepata skrini mbili zilizotumika. Moja ya ukurasa wa kushoto, moja ya kulia, ili dada asihangaike kufunua. Na projekta lazima iendelee kuonyesha maneno ukutani kwa ajili ya waumini. Zote tatu kutoka laptopu moja, ile ya kanisa. Tundu la skrini? Moja tu!

Nikachukua waya wa kuchajia simu, kichwa chake kinaingia vizuri kwenye kile kitundu kidogo cha pembeni. Giza. Kumbe waya ule unapitisha umeme, picha haupitishi. Umbo lile lile, tabia nyingine. Nani alibuni upuuzi huu? Nimekula viazi vya oveni vya jana bila kuvipasha moto. Nina hasira.

Alhamisi, 11 Januari

Nimeendesha hadi mjini kwenye theluji, nimenunua kisanduku cha kuunganishia. Kinachomekwa kwenye umeme wa ukutani, waya mmoja unaingia kwenye laptopu, skrini mbili zinaingia kwenye kisanduku. Zimewaka! Ila zinaonyesha kitu kile kile, ukurasa mmoja mara mbili. Nimetafuta kwenye mipangilio mpaka nikakuta pa kuziambia kila moja ishike lake. Kushoto ukurasa wa kwanza, kulia wa pili. Nikapiga makofi peke yangu.

Kisha nikachomeka projekta kwenye lile tundu moja la laptopu. Skrini ya kulia ikazima. Nikachomoa, ikawaka. Nikachomeka, ikazima. Nilisema maneno.

Dada alikuwa keshaingia, kabeba pai ya tufaha.

"Mdogo wangu, unatukana ndani ya nyumba ya Mungu."

"Natukana polepole."

Akakaa kwenye benchi la kinanda, mikono mapajani. Kasema labda LaVonne hajakosea, kila kitu kina mwisho wake. Nikamwambia aache. Akaniuliza: "Verlyn, nikitoka hapa nitakaa wapi Jumapili? Kule mbele na wengine, kama mgeni?" Sauti ikamkatika. Tangu mumewe afariki sijamsikia hivyo. Iliniuma.

Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga. Ng'o, sirudi nyuma.

Ijumaa, 12 Januari

Nimewapigia simu wale wa dukani. Kijana kaniuliza, laptopu yenyewe umeiacha wazi? Ndiyo, nifanyeje, niitazame ikiwa imefungwa? Akacheka. Kumbe inamudu skrini tatu tu, na kioo chake yenyewe kinahesabiwa. Nifunge kifuniko, nitumie kibodi na kipanya vya pembeni. Nikafunga. Ikalala fofofo, skrini zote zikafa. Kuna mahali pa kuiambia ikifungwa isilale, iwe kwenye umeme au betri. Nimeiambia.

Tatu! Zote tatu zinawaka! Nimekaa nazitazama kama mtu anayetazama samaki akitoka kwenye tundu alilotoboa kwenye barafu ya ziwa.

Jumamosi, 13 Januari

Mazoezi. Dada kakaa, katazama kushoto, katazama kulia. Nikamuuliza mara mbili kama anaona. "Naona vizuri kabisa, acha kunizunguka kama kuku." Akapiga tenzi zote nne bila kosa. Nilijidai napangusa projekta. Macho yalikuwa yananichuruzika.

Jumapili, 14 Januari

Naandika nikiwa ndani ya gari la dada, nje ya kanisa.

Gari langu liligoma kuwaka asubuhi, akaja kunichukua. Alishika katikati ya barabara njia nzima. Nikadhani anakwepa barafu.

Ibada ilianza vizuri. Kinanda kiko nyuma, jirani na meza ya kahawa, nami nilikaa pembeni yake na kibodi. Utenzi wa tatu, ubeti wa pili, mama mmoja wa jikoni akaja kimyakimya na birika kubwa la umeme. Akatafuta pa kulichomeka. Akachomoa kisanduku changu.

Skrini zote mbili za dada zikawa nyeusi. Ile ya ukutani haikuguswa, waumini wakaendelea kuimba. Nikapiga magoti, natafuta waya, nasubiri kinanda kinyamaze.

Hakikunyamaza. Nikainua kichwa. Dada alikuwa anatazama skrini ya kushoto, nyeusi tii. Ilipofika mahali pa ukurasa wa pili akageuza uso kulia, taratibu, kwenye weusi mwingine. Kama anasoma. Hakukosa noti hata moja.

Tenzi zote alizichagua mwenyewe. Zote za utotoni, anazozijua kwa moyo.

Nilichomeka tena. Hakuna aliyejua. Baada ya ibada LaVonne akaja, akamshika dada mkono, kasema haikuwa mbaya, mashine wameiacha. Haikuwa mbaya! LaVonne hajawahi kusifu hivyo. Dada akaniambia mbele yao wote, "Bila skrini zako, mdogo wangu, ningekuwa nimekwisha." Nikaitikia. Nifanyeje? Niseme nini, mbele ya watu wote wale?

Nikatangulia kutoka. Nimekaa kwenye kiti cha dereva. Asubuhi hakuwa anakwepa barafu. Funguo anazo yeye.

Anakuja, mkono mmoja unafuata ukuta. Kafika kwenye gari la mchungaji, kalishika mlango kana kwamba ni lake, karudi. Sasa yuko hapa, anagonga kioo.

"Sogea, Verlyn. Hicho ni kiti changu."

Sijasogea.