Betri Juu ya Banda la Doa

Jumatatu, 13 Julai 1998

Ninayo! Wokimeni, kile kiredio cha kanda cha kusikilizia masikioni, na kanda za Kiingereza. Mwalimu Ndelilio ametugawia Kidato cha Pili kizima twende nazo nyumbani. Ni majaribio tu. Jumamosi wazazi watakutana waamue kama ziendelee au zifungiwe kabatini. Wengi wanasema ni vitu vya wahuni wa stendi. Hata Mama anauliza mtu anasomaje huku amejiziba masikio. Lakini Baba yuko kwenye bodi ya shule, na Baba yuko upande wetu. Amesikiliza kidogo, akatabasamu peke yake. Anasema angekuwa na kitu hiki ujanani, leo angekuwa anaongoza wageni mlimani badala ya kuwabebea mizigo. Mkutanoni atasimama kuzitetea.

Jumatano, 15 Julai

Betri zimekwisha. Si kwa Kiingereza — kwa kanda ya dansi niliyoazima kwa Beatrice wa darasani. Mwalimu alisema zitutoshe mpaka Jumamosi! Nikazianika, labda zipate nguvu kidogo. Kihambani kwetu, shamba la kuzunguka nyumba, migomba imefunika kila kitu, na Julai hii jua lenyewe la kuvizia. Linafika juu ya bati la banda la ng'ombe tu. Nikaziweka pale zote mbili, nikaenda kukata majani.

Nimerudi, iko moja.

Bati lina mteremko. Chini yake kuna hori. Nimepekua hori lote, nimepekua mpaka samadi. Doa, ng'ombe wetu, alikuwa ameshamaliza kula, ananitazama tu huku akicheua. Ee Mungu, isiwe.

Alhamisi, 16 Julai

Doa hali. Amesimama amekunja mgongo, anaguna. Maziwa hamna.

Mama ameshampata mbaya wake. Eti juzi Mama Filbert, jirani yetu, alipita akasema, jamani ng'ombe wenu kanenepa! Basi, jicho lake hilo. Leo Mama Filbert amesalimia, Mama hakuitikia. Nilikuwa hapo na ufagio. Nikaendelea kufagia. Mwoga mkubwa mimi!

Ijumaa, 17 Julai

Bwana mifugo amekuja. Amembonyeza Doa chini ya kifua, Doa akalia — sijawahi kumsikia akilia hivyo. Anasema huenda amemeza kitu kigumu, msumari au waya. Akauliza kama kuna aliyeangusha chochote kwenye majani. Mama akasema hapa hatuna msumari, tuna majirani. Mimi nikatazama miguu yangu.

Amemchoma sindano. Anasema kesho akishindwa kuinuka, achinjwe kabla hajafa.

Jioni Baba alikuwa anajizoeza maneno ya mkutano. Atanitaja! Atasema, mwanangu Eunike amepewa chombo na amekitunza. Nikamwendea nimwambie. Mdomo ukafunguka, nikasema, Baba, nikupigie pasi shati lipi?

Naogopa kwamba Doa atakufa. Naogopa zaidi kwamba hatakufa hivi hivi, watampasua tumbo waione.

Jumamosi, 18 Julai

Hakuinuka.

Efraimu mchinjaji amefika asubuhi na visu vyake. Kwetu ng'ombe akichinjwa kila jirani ana fungu lake, lakini Mama amesema fungu la Mama Filbert halipo. Amesema kwa sauti ili asikie. Na amesikia. Amesimama upande wake wa uzio, kanga mdomoni, analia.

Nimekata jani la sale pale pale uzioni. Nimewaona watu wakilipeleka kuomba msamaha, na aliyepelekewa hakatai, hata awe amekasirika vipi. Ila wale walikuwa watu wazima. Sijui kama mtoto anaruhusiwa. Nimelishika, nikamkumbuka Baba, nikamkumbuka Mama Filbert. Nikarudi kukata la pili. Sasa niko jikoni nyuma ya mlango, naandika kwa sababu miguu haitaki kutoka.

Uani Efraimu amemwita Baba, mzee Aminieli, hebu njoo uone.

Sasa maji yanamwagwa, kuna kitu kinaoshwa.

Baba ameshavaa lile shati la mkutano. Ananiita. Hajapaza sauti hata kidogo. Anauliza ile wokimeni yangu inatumia betri gani.

Nimeitikia nakuja, Baba. Bado nimekaa. Anaita tena.