Mahali Pangu Karibu na Mama

Geita, Jumapili mchana

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, umepata nafuu au bado unauburuza ukienda shambani? Na mvua huko Didia zimeanza? Michembe ya viazi vikavu uliyotuma nimeipata. Mkwe wangu ameificha kabatini, maana wajukuu wanaitafuna kama pipi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simuni nitalia, nawe utanikatiza. Siku ile mlipokuwa mnagawana shamba la baba, uliniuliza, "Minza, tukuachie mahali pa kaburi upande gani?" Nikakujibu kwamba unaniombea kifo, nikakata simu. Nisamehe, dada. Hukujua kwamba wiki ileile daktari alikuwa ameniambia moyo wangu umepanuka. Sikumwambia mtu, hata mwanangu Masanja ninayeishi kwake.

Ajabu, eti? Mimi niliyekuwa muuguzi Shinyanga miaka yote ile, nikawafumba macho wagonjwa wengi. Lakini tangu nistaafu nikahamia huku, nilikuwa nakaa barazani kutwa nikisikiliza mapigo yangu mwenyewe. Nikisikia kuna msiba mtaani, nasingizia kichwa.

Sasa nikusimulie habari za jirani yetu, Mzee Shija. Alichimba dhahabu miaka mingi kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na vumbi likamla mapafu. Mkewe, Mama Limi, akaja kuniita nikamwone. Nilidhani anataka dawa. Mzee akacheka, kicheko cha kukohoa.

"Dawa nimekunywa za kutosha. Nataka mtu mwenye mwandiko mzuri."

Basi nikawa karani wake. Kila mchana nakaa naye, daftari mapajani. Aliniandikisha shati atakalovalishwa, nani apewe sururu yake, na mbuzi yupi asichinjwe msibani kwa sababu ana mimba. Akaniandikisha pia watu wa kuitwa, wakaja mmoja mmoja. Mdogo wake waliyekosana zamani alitoka Kahama, wakashinda pamoja wakibishana nani alianza.

Siku moja swali likanitoka. "Mzee, huogopi?"

"Niliogopa siku duara liliponifukia," akasema. "Nilikaa gizani kutwa nzima kabla hawajanitoa. Kilichoniuma si kufa. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka nyumbani nimemnunia mke wangu. Sasa sijamnunia mtu. Naogopa kidogo tu, Mama Masanja, kama mtu anayekwenda kuposa."

Mama Limi akadakia, "Ukampose nani na mapafu hayo?"

Tulicheka wote watatu mpaka mzee akaishiwa pumzi, ikabidi nimwinue kwa mito.

Alifariki Jumanne moja mwezi uliopita, saa nne asubuhi, mkono mmoja ameushika mkewe, mwingine nimeushika mimi. Nilimfumba macho. Nikaisubiri ile hofu yangu, haikuja. Ilikuja huzuni tu, na huzuni naijua, naiweza.

Jioni tuliporudi kutoka msibani nikamketisha Masanja, nikamweleza habari ya moyo. Akasema, "Mama, kumbe ulikuwa unalibeba hili peke yako?" Akalia, na mimi nikalia. Siku hizi yeye ndiye ananikumbusha dawa, kwa ukali kama wa baba yetu. Asubuhi natembea polepole hadi sokoni. Nikirudi napitia kwa Mama Limi, tunachambua mboga na kumsema marehemu, yale mazuri na yale ya kuchekesha.

Kwa hiyo, dada, jibu langu ni hili: niwekeni karibu na mama, upande wa mashariki. Msinijazie saruji. Wewe chukua mahali panapofuata, ila usiharakishe, hata mimi mwenyewe sina haraka. Nitakuja wakati wa kuvuna karanga, twende tukapapime kwa hatua zetu wenyewe, tungali wazima.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie Doto, binti yako fundi cherehani, na mama mkwe wake anayeniita "daktari" hadi leo. Kaka yetu Kulwa mwambie simkasirikii tena kwa ajili ya yule ng'ombe tuliyegombania.

Nakupenda, dada. Nimeona nikuandikie mapema, nikiwa bado naweza kusoma jibu lako.

Mdogo wako,
Minza, Mama Masanja