Pikipiki ya Miguu Mbele

Alhamisi, 6 Juni 2024
Loyce amekufa. Saa nne asubuhi.
Sikwenda kazini, hali yake ilikuwa mbaya. Nilikuwa bandani nachomelea pikipiki ninayoiunda. Sikusikia kitu. Jirani yetu Joyce ndiye aliyeingia na uji akamkuta. Akaja bandani akanigusa bega. Nikavua miwani. Nikajua.
Miaka miwili ya kansa. Jana alilia mpaka sauti ikakauka. Leo halii. Nimepumua. Ndiyo, nimepumua. Kama ni dhambi Mungu anisamehe.
Naandika kwenye daftari lake la hospitali. Kurasa zimebaki nyingi.

Jumamosi, 8 Juni
Tumezika. Hapa hapa Mwankoko, nyuma ya nyumba, karibu na banda. Ardhi mawe matupu. Sururu mbili zimevunjika mpini.
Mama mkwe hakuja. Magoti yake hayafiki hata kisimani. Kutoka kwao Kinyangiri wamekuja Philipo, kaka mkubwa wa Loyce, na Faith, mdogo wao.
Tulipotoka kaburini Philipo akaniuliza mbele ya watu, dada yake alikata roho mikononi mwa nani. Joyce akasema ukweli, hajui kudanganya yule. Philipo akaenda bandani, akaiangalia pikipiki muda mrefu. Akarudi.
"Dada yangu anakufa, wewe unachezea vyuma. Mama ataambiwa hivyo hivyo."
Hakula. Akaondoka na Faith.

Jumatano, 12 Juni
Nimekaa tu. Watu wanakuja, wanakunywa chai, wanaondoka.
Bosi wa kiwanda cha alizeti, pale ninapopakia magunia, kasema nafasi yangu anaishika mpaka mwisho wa mwezi. Kibarua gani anashikiwa nafasi? Namshukuru.
Nimepiga simu Kinyangiri. Kapokea Faith. Mkwe haongei na mama mkwe, nikasema mpe mama salamu. Nikasikia minong'ono. Faith akasema mama amesikia. Simu ikakatika.
Amesikia nini? Salamu? Au maneno ya Philipo?

Ijumaa, 14 Juni
Silali vizuri. Niandike ukweli, hakuna anayesoma.
Pikipiki ilianza na Loyce mwenyewe. Alikuwa ananunua vyuma chakavu, anazunguka vijijini na mizani yake. Siku moja akatoka Sepuka na injini ya pikipiki ya zamani ya bwana shamba. Ilikuwa imekaa kwenye banda la kuku, kinyesi kitupu. Akakataa kuiuza. Kasema hii bado ina pumzi. Halafu mzee Zulfikar, wa duka la vifaa mjini, akampa tangi la mafuta la BSA, pikipiki ya marehemu baba yake. Fremu tukaiokota huku, taa kule. Miaka mitano uvungu wa kitanda umejaa vyuma.
Picha tuliiona dukani kwa Zulfikar, kwenye kalenda ya zamani. Pikipiki ndefu, gurudumu la mbele liko mbali, usukani juu, siti moja. Jamaa kalala nyuma, miguu kaitanguliza mbele kama yuko kwenye kochi. Loyce alicheka mpaka akakaa chini. Kasema tengeneza hiyo, uje nayo kwetu.
Alipougua nikaendelea. Mchana kazini, jioni bandani. Nilikuwa namkimbia? Sijui. Chumbani ningefanya nini? Mimi mikono mitupu haijui kitu.

Jumatatu, 17 Juni
Nimeamua. Naimaliza. Nakwenda nayo Kinyangiri, mama mkwe asikie kwa mdomo wangu. Akinikataa, basi. Lakini asinikatae kwa maneno ya Philipo tu.
Fundi Isaka kaniazima tena mashine ya kuchomelea.

Alhamisi, 20 Juni
Shokapu za mbele nimeziongeza urefu kwa bomba la maji. Isaka kaja kuangalia. Kasema kona ya hii utaianzia Singida uimalizie Manyoni. Mwivu huyo.
Vijana wa mtaani wanaiita chopa. Chopa ninayoijua mimi ni helikopta ya kampeni.

Jumatatu, 24 Juni
Imewaka! Kwa kusukumwa, kwenye mteremko. Kiki haishiki, basi. Moshi mweusi, halafu wa bluu, halafu ikatulia. Joyce katoka na mwiko mkononi.
Nimecheka. Nikageuka dirisha la chumbani kumwonyesha Loyce.
Dirisha limefungwa.

Ijumaa, 28 Juni
Nimefika. Nimeaibika. Nimepona. Niandike kwa mpangilio.
Nimetoka alfajiri. Njia za ndani mpaka Iguguno, nakwepa trafiki. Kisha vumbi mpaka Kinyangiri.
Kwa wakwe mtu hafiki amepanda kitu. Unashuka mbali, unavua kofia, unatembea, unakohoa ukiwa nje ya ua. Mama mkwe anapata nafasi ya kuingia ndani. Hilo hata mtoto anajua. Mpango wangu ulikuwa nisimame kwenye uzio wa minyaa, niiache pale inanguruma. Maana ikizima, nani ataisukuma?
Sasa njia inapinda pale pale kwenye minyaa. Pikipiki haikupinda. Isaka alisema! Nikaenda moja kwa moja, nikapita kwenye pengo la ua, nikasimama juu ya alizeti zilizoanikwa. Hatua nne mbele yangu, mama mkwe na ungo wake. Na mimi nimelala nyuma, miguu mbele, nyayo zangu zinamtazama usoni.
Ungo ukaanguka. Akajifunika kanga, akanipa mgongo. Injini ikazima yenyewe. Philipo akatoka ndani mbio, akasema hili hata mbuzi wa faini halimalizi. Faith kajificha nyuma ya jiko, naona mabega yake yanatikisika. Anacheka!
Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye alizeti. Nikaongea na Faith, kwa sauti, ili mama asikie. Nikasema Philipo hakudanganya. Nilikuwa bandani. Sikumshika mkono. Sikusikia.
Mama mkwe akaongea Kinyiramba, mgongo kwangu bado. Muda mrefu. Mimi Mnyaturu, nashika nusu. Faith akatoka jikoni akanitafsiria. Hacheki tena.
"Mama anasema Loyce alikuwa anampigia kila jioni. Ukiwa unagonga, anamwambia, mama, yupo, nasikia chuma, acha nilale. Siku nyundo ikinyamaza ndiyo anaogopa."
Hakuwahi kuniambia. Miaka miwili mimi nagonga taratibu, nadhani namsumbua.
Mama mkwe akaongeza neno. Faith akasema mama anauliza, ndiyo ile ya kwenye kalenda?
Nikasema ndiyo.
Philipo kaangalia chini. Wakati wa kuondoka yeye ndiye aliyenisukuma. Kasukuma kwa hasira, lakini kasukuma. Mbuzi bado anamtaka. Nitampeleka.
Machozi yamenitoka njiani. Nikajiambia ni vumbi. Vumbi gani, nilishafika kwenye lami.

Jumapili, 30 Juni
Jana nimelala mpaka saa tano. Sijalala hivyo tangu Loyce augue.
Leo Faith kapiga kabla ya ibada. Mama anataka kuliona kaburi. Ngazi za basi magoti hayapandi. Nikasema basi nitamfuata na pikipiki.
"Shem, mama akushike kiunoni? Mwiko huo! Mvua itanyesha tena huku kwetu?"
Kweli. Na siti ni moja.
Mahubiri leo sijui yalisema nini. Nilikuwa nachora kichwani. Tela dogo la kuvuta nyuma. Kiti kinatazama nyuma. Mimi natazama mbele, yeye anatazama alikotoka. Mgongo kwa mgongo, hatuonani mpaka Mwankoko. Heshima iko pale pale.
Nimempigia Faith nikamweleza. Minong'ono. Minong'ono mirefu. Halafu akasema mama anauliza kama kutakuwa na mwavuli.
Nimepata mabomba mawili na gurudumu moja la mkokoteni. La pili sina, nitamuuliza Isaka. Nimeanza kugonga. Joyce akapita na Biblia yake, akasema Obadia, leo Jumapili, chuma kipumzike.
Sikuacha. Kutoka bandani mpaka kaburini ni hatua kumi. Nimegonga kwa nguvu, mpaka giza.
Kesho narudi kazini.