Bilatu bya Kunifinya

Tata ya Laure,

Bukari iko mu sufuria, funika muzuri, panya iko. Samaki ni ya batoto. Laure anywe dawa mbele ya kuenda ku masomo.

Mi nimetoka na babushi, bidole inje, mu hii mvula. Asubui nimeamuka, bilatu byangu hakuna. Merdi, ndugu yako, amebivaa, ameenda nabyo kuchimba madini ku Mashamba. Namupigia simu, anajibu na kucheka: "Yaya, ni bizuri sana, maji haiingii hata kidogo!"

Najua! Mi njo nilibichagua. Nilikunja soli, nilivuta uzi, nilibitumbukiza mu beseni ya maji mpaka muuzaji alikasirika. Nilichukua namba moja juu ya muguu yangu, soksi nene ipate nafasi, sababu kutoka hapa mpaka hopitali ni lami ngumu, na kule napangusa simenti siku muzima. Kumbe nilikuwa nachagulia bandugu yako.

Na weye, mu kitanda, unageuka tu: "Vumilia, ni damu yangu." Kila kitu kizuri kinatoka mu hii nyumba. Mi tu njo nabaki.

~~Umwambie arudishe mangaribi.~~ Abaki nabyo.

Nikitoka kazi nitapita ku soko, nitanunua bingine: soli nene, ya kushonwa, maji haiingii. Lakini namba moja chini ya muguu yangu. Bitanifinya, najua. Lakini mu hii nyumba, mutu mwingine hataingiza muguu.

Mama ya Laure