Mawe Chini ya Miti ya Beech

Rockville, Maryland

Mama mpendwa,

Goti lako limepoa, au bado linakusumbua asubuhi? Huku mwili ni mzima, moyo ndio mzito. Mzee Walter niliyekuwa nikimtunza amefariki.

Nyuma ya nyumba yake kuna hifadhi ya miti waiitayo beech, mikubwa, gome laini la kijivu kama ngozi ya ndovu. Ungedhani msitu wote ulikuwepo tangu uumbaji. Kumbe miti ya mteremkoni tu ndiyo ya kale, maana jembe halikufika kule. Kwingine kote palikuwa shamba la tumbaku, nao waliolima ni watumwa, mababu wa Mzee. Udongo ulipochoka, wenye shamba walihama, msitu ukajiotea.

“Ukikuta mawe yamesimama chini ya miti,” aliniambia, “usiyakanyage. Hao ni watu wangu.”

Mwezi uliopita aliniomba nimpeleke kwenye mawe hayo. Kiti chake cha magurudumu kikakwama kwenye mizizi. Akasema, “Nenda wewe, binti. Waambie Walter ameshindwa kufika.”

Nikaenda. Majani yalikuwa na mistari myeusi, mengine yamejikunja na kukauka. Kuna minyoo midogo sana inayoingia ndani ya machipukizi, na wahifadhi wanasema miti mingi haitapona. Mawe niliyakuta, hayana hata jina. Nilifungua kinywa nitoe ujumbe, nikajikuta namlilia Baba. Mlipomzika karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka, nisingeweza kusafiri, nikatazama jeneza lake kwenye simu. Siku ile machozi yaligoma. Yalinitoka huku, kwenye makaburi ya watu nisiowajua.

Niliporudi Mzee aliuliza, “Umewaambia?”

“Nimewaambia.”

“Na miti, iko salama?”

“Iko salama.”

Akayatazama macho yangu mekundu, akanishika mkono.

Bintiye aliomba babake azikwe msituni. Akajibiwa kuwa hifadhini hakuzikwi mtu siku hizi. Tulimzika Landover, kando ya barabara kuu, hakuna hata mti wa kivuli. Nilitupa konzi ya udongo, kisha nikainama nikatupa nyingine. Hiyo ya pili, Mama, ilikuwa ya Baba.

Nisalimie Shangazi anayelala nawe, na kaka yangu Wafula na mkewe. Watoto wao wabusu kwa niaba yangu.

Mwanao akuwazaye,
Nafula