Karyeri Yako Ina Wageni, Papa

Papa,

Wageni wamekuja. Si wale wa mashirika kule mutaani Katanika, waliokuja Jumapili kuoga na kupiga picha tu. Hawa wametoka Lubumbashi, mume na muke, wamepanda ndege kwa ajili ya shimo lako. Ungekuwepo ungevaa lile shati la harusi, nakujua.

Muji muzima ulikucheka, unakumbuka? Mutu ana ziwa zima mulangoni, Tanganyika yenyewe, halafu anawapeleka watu kuzamia kwenye karyeri ya zamani iliyojaa maji, pale walipokuwa wakikata mawe ya reli! "Ziwa njo la kila mutu," ulikuwa unawajibu. "Lina mawimbi, lina mamba. Pale kwangu maji yametulia, unaona mpaka chini." Wakakuita Papa Shimo, na wewe ukaitika. Yaani uliitika! Mimi nikaona haya sokoni.

Sasa sikia yaliyotokea tangu presha ilipokuchukua. Siku ya kuondoa kilio jamaa waliketi kugawa vitu vyako, kama desturi. Baba mudogo alikuja toka Kongolo, akachukua koti, redio, baiskeli, sawa. Kisha akanyoosha kidole kwenye zile chupa zako za chuma za hewa ya kuzamia. Eti kanisa lao halina kengele, na chupa ikikatwa kitako na kuning'inizwa inalia vizuri. Kengele, Papa! Na mashine ya kuzijaza hewa iuzwe, kwa sababu mutoto mwanamuke harithi kazi ya majini. Mimi sikunyamaza, unaujua mudomo wangu. Nikasema kuna wageni wa Lubumbashi wako njiani, nitawashusha mimi mwenyewe, na yeye aje anishikie kamba ya usalama kule juu. Nikishindwa, akakate chupa zote. Nilisema kwa hasira tu. Usingizi ulinikataa siku zilizofuata.

Maana kuna kitu hukukijua. Ulinifundisha kuzamia bandarini, kwenye maji ya mafuta na matope, tukikata nyavu zilizojisokota kwenye elisi, zile panga za injini za mashua. Pale hakuna kuona. "Funga macho, fanya na mikono," ulikuwa unasema, kwa kuwa ukiyafungua unaona weusi tu na woga unaingia. Basi nikazoea. Hata kwenye karyeri, wewe ukitangulia na wageni, mimi nyuma nilikuwa napapasa ukuta na macho nimeyafunga. Miaka yote ile! Watu wanasafiri waje kuona, na mimi nashuka nao kama kipofu.

Siku ilipofika, Baba mudogo alisimama ukingoni na viatu vyake vya kanisa, kamba mukononi. Tukashuka. Mikono yangu ilijua njia. Lakini yule mugeni mwanamuke akanigusa bega mara moja, akanigusa tena kwa nguvu. Kumbe alikuwa ananiuliza kitu kwa kidole, na mimi nimefunga macho. Ikabidi niyafungue.

Ee, Papa. Kumbe jua linafika mpaka chini kabisa! Ile wagone ndogo ya kubebea mawe imesimama kwenye reli zake, utafikiri wafanyakazi wameenda kula na watarudi. Samaki wanaingia na kutoka. Kwenye ukuta naona kila pigo la patasi, pale nilipokuwa napapasa tu. Nikageuka mbele nikuonyeshe. Nikatafuta mugongo wako, kama kawaida. Hakukuwa na mutu mbele isipokuwa mimi. Niliumia sana, sikufichi. Nilishika reli mpaka mugeni akaniuliza kwa ishara kama niko salama, ndipo nikawaongoza.

Tulipotoka, Baba mudogo alikuwa amejizungushia kamba mukononi mpaka vidole vimevimba. "Mulikawia!" akanipigia kelele. "Mama yako ningemwambia nini mimi?" Akakaa chini, akapangusa jasho. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Chukua vitu vya baba yako. Kanisa litagonga rimu ya gari."

Ningekuandikia kwa hilo peke yake. Lakini jana nimeingia jikoni, sufuria ya sombe iko motoni, na Mama amevaa maski yako ya kuzamia. Mama yule yule ambaye hata ziwani haingii kupita magoti! Akaniuliza, "Kule chini alikuwa anaangalia nini hivi, kila Jumapili ananiacha hapa peke yangu?" Nikamwambia nitamupeleka akaone. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba aivue, sombe inaungua. Hakutaka. Nikasogea karibu, Papa, na nyuma ya kile kioo maji ya macho yalikuwa yamemufika puani.

Pumzika sasa. Mama nitamushusha polepole, nimemushika mukono, na sitamuachia.

Binti yako,
Feza